Chuo Kinapohama Daraja la Michezo: Ufadhili wa Mwanafunzi Unabaki Wapi?

Mwezi Septemba, 2025, Chuo Kikuu cha Hartford, taasisi binafsi iliyopo katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, kilikamilisha safari ya zaidi ya miaka minne ya kuhamisha timu zake zote za michezo kutoka Daraja la Kwanza kwenda Daraja la Tatu. Madaraja hayo ni ya Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo cha nchi hiyo, kinachojulikana kwa kifupi kama NCAA.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kusikia timu ikishuka daraja baada ya kufungwa mechi nyingi, habari hiyo inaweza kuonekana kuwa ya kushindwa uwanjani. Haikuwa hivyo. Timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Hartford ilikuwa ndiyo kwanza imepata mafanikio makubwa kuliko yote katika historia yake pale uamuzi wa kuhama ulipopitishwa. Kilichobadilika ni mpango wa fedha, na hususan swali la nani anagharamia masomo ya mwanafunzi anayevaa jezi ya chuo.

Swali hilo linawahusu pia wazazi, walezi na vijana wa ukanda huu. Kwa miongo mingi, michezo imekuwa mlango wa kuingilia vyuo vya Marekani. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi na mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Mkenya Henry Rono alikuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliichezea timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA mwaka 2009. Vyuo vyote hivyo vitatu vimo katika Daraja la Kwanza. Ni muhimu basi kufahamu nini hutokea chuo kinapoamua kuondoka katika daraja hilo.

Maana ya daraja katika michezo ya vyuo

NCAA ilianzishwa mwaka 1906 na leo ina vyuo wanachama takribani 1,100. Mwaka 1973 wanachama waligawanywa katika madaraja matatu ili kila chuo kishindane na vyuo vinavyofanana nacho kwa uwezo na malengo. Timu haipandi wala haishuki kutokana na matokeo ya msimu, kama ilivyo katika Ligi Kuu ya soka. Chuo chenyewe huchagua daraja, huomba kuhama na hupitia kipindi cha mpito kinachochukua miaka kadhaa.

Tofauti kubwa ya madaraja ipo katika fedha. Vyuo vya Daraja la Kwanza huruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo kwa kuzingatia kipaji cha michezo, na mwanamichezo anaweza kulipiwa ada, malazi, chakula na vitabu. Vyuo vya Daraja la Pili pia hutoa ufadhili huo, lakini kwa kawaida kila timu hugawanya kiasi kidogo kwa wachezaji wengi, hivyo wengi wao hulipiwa sehemu tu ya gharama. Katika Daraja la Tatu, lenye vyuo vingi kuliko mengine yote, ufadhili wa michezo umekatazwa kabisa. Mwanafunzi anaweza kusaidiwa kwa sababu ya ufaulu wake darasani au hali ya kipato cha familia yake, lakini si kwa sababu anakimbia kwa kasi au anafunga magoli.

Hata hivyo, daraja la michezo si kipimo cha ubora wa elimu. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, inayofahamika kwa jina la MIT, ipo Daraja la Tatu, na ndivyo ilivyo kwa Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na vyuo vya Amherst na Williams. Kwa upande mwingine, Harvard na Yale vipo Daraja la Kwanza, lakini umoja wa vyuo ambamo vinashindana hautoi ufadhili wa michezo. Wanamichezo wao husaidiwa kwa kuangalia uwezo wa familia, kama wanafunzi wenzao wasiocheza. Jina la daraja pekee, kwa hiyo, halimwambii mzazi yote anayohitaji kujua.

Hesabu iliyofanywa Hartford

Chuo Kikuu cha Hartford kilianzishwa mwaka 1957. Katika miaka yake ya Daraja la Kwanza kiliwalea wanamichezo waliopata sifa kubwa, akiwemo Vin Baker, aliyechaguliwa wa nane katika uteuzi wa NBA mwaka 1993, na Jeff Bagwell, aliyeingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 2017.

Mwezi Machi, 2021, timu ya kikapu ya wanaume ilitwaa ubingwa wa umoja wake wa vyuo na kufuzu kwa mara ya kwanza fainali za kitaifa za NCAA. Katika mchezo wa kwanza ilifungwa na Baylor kwa pointi 79 kwa 55, na Baylor ikaendelea hadi kuwa bingwa wa mwaka huo. Chini ya miezi miwili baadaye, tarehe 6 Mei, 2021, chuo kilitangaza kuwa bodi yake imepiga kura ya kuhamia Daraja la Tatu.

Msingi wa uamuzi ulikuwa gharama. Tathmini iliyofanywa na kampuni ya ushauri kwa niaba ya chuo ilionesha kuwa kuhama kungeweza kuokoa hadi Dola milioni 9.2 za Marekani kwa mwaka. Wachezaji, makocha na wahitimu wengi walipinga. Walihoji hesabu zenyewe, na walisema wanafunzi waliojiunga kwa ahadi ya kucheza Daraja la Kwanza walikuwa wakibadilishiwa masharti wakiwa katikati ya safari. Bodi haikubadili msimamo.

Utekelezaji ulifanyika kwa awamu. Hartford ilijitoa katika umoja wake wa zamani mwaka 2022, ikacheza msimu mmoja bila kuwa mwanachama wa umoja wowote, kisha mwaka 2023 ikajiunga na umoja wa vyuo vya Daraja la Tatu vya eneo hilo. Ufadhili wa michezo uliondolewa hatua kwa hatua hadi uanachama kamili ulipopatikana mwaka 2025.

Umbali kati ya Hartford na Storrs, yalipo makao makuu ya Chuo Kikuu cha Connecticut alikosoma Thabeet, ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Kwa miaka mingi vyuo hivyo viwili vilihesabika kuwa vya daraja moja. Kimoja ni chuo cha umma chenye mataji sita ya taifa ya kikapu ya wanaume, likiwemo la mwaka 2024. Kingine ni chuo binafsi kidogo kinachotegemea zaidi ada za wanafunzi. Wingi wa wanachama wa Daraja la Kwanza, ambao ni zaidi ya 350, huficha pengo kubwa la namna hiyo.

Kwa nini Daraja la Tatu linaweza kukinufaisha chuo kidogo

Nafuu ya Daraja la Tatu haitokani na safari fupi na msimu mfupi pekee. Inatokana pia na ada. Mfano rahisi unaweza kuonesha jambo hilo. Timu yenye wachezaji 30 wanaolipiwa gharama zote haikiingizii chuo ada yoyote kutoka kwa wachezaji hao. Timu hiyo hiyo, ikiwa wachezaji wote 30 wamepewa punguzo la nusu ya ada kwa sababu za kitaaluma au za kipato, inakiletea chuo mapato sawa na ada kamili ya wanafunzi 15. Katika mpango huu timu hugeuka kuwa njia ya kuvutia wanafunzi wanaolipa, na ndiyo sababu baadhi ya vyuo vinavyohamia Daraja la Tatu huongeza michezo badala ya kuipunguza.

Maana yake kwa familia ni kwamba sehemu ya mzigo ambayo awali ilibebwa na chuo sasa inaweza kuhamia kwao. Kinachookolewa katika bajeti ya chuo, kwa kiasi fulani, ni kile ambacho mwanafunzi au mzazi atatakiwa kukilipa.

Shinikizo linaongezeka

Hartford si chuo pekee. Mwezi Machi, 2025, Chuo Kikuu cha Saint Francis kilichopo Loretto, Pennsylvania, kilichoanzishwa mwaka 1847, kilitangaza kuwa nacho kinahamia Daraja la Tatu, na kwamba kitajiunga na umoja mpya wa vyuo kuanzia msimu wa 2026/27. Tangazo lilikuja siku chache baada ya timu ya kikapu ya wanaume kucheza fainali za kitaifa. Uongozi ulieleza kuwa mazingira ya michezo ya vyuo yamekuwa magumu zaidi, ukitaja malipo kwa wachezaji na urahisi wa wachezaji kuhama kutoka chuo kimoja kwenda kingine.

Mazingira hayo yamebadilika kweli. Tangu Julai, 2021 wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kulipwa na makampuni kwa matumizi ya majina na picha zao. Tarehe 6 Juni, 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vya Daraja la Kwanza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiwango cha Dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa masomo wa 2025/26. Makubaliano hayo yanahusisha pia fidia ya takribani Dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa zamani, itakayolipwa ndani ya miaka 10. Sehemu ya fedha hizo inapatikana kwa kupunguza mgao ambao vyuo vya Daraja la Kwanza, vikiwemo vidogo, vilizoea kuupokea kutoka NCAA.

Chuo chenye uwanja unaojaza maelfu ya watazamaji na mikataba mikubwa ya televisheni kinaweza kuhimili mashindano hayo. Chuo kidogo kinalazimika kuchagua kati ya kuongeza matumizi ili kisiachwe nyuma, kubaki katika daraja kikiwa msindikizaji, au kuondoka.

Kuhama si tiba ya kila tatizo

Uzoefu wa Chuo cha Birmingham-Southern katika jimbo la Alabama unatoa funzo. Chuo hicho kilichoanzishwa mwaka 1856 kilitwaa ubingwa wa kikapu wa chama kingine cha michezo ya vyuo, NAIA, mwaka 1990 na 1995. Kikapanda hadi Daraja la Kwanza la NCAA na kupata uanachama kamili mwaka 2003. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2006, bodi yake iliamua kuhamia Daraja la Tatu kwa sababu za kifedha, na mwaka 2007 chuo kikarejesha timu ya futiboli ya Kimarekani.

Hatua hiyo ilipunguza gharama za michezo, lakini haikumaliza matatizo mengine ya kifedha yaliyokikabili chuo. Tarehe 31 Mei, 2024, Birmingham-Southern kilifungwa rasmi. Siku hiyo hiyo timu yake ya besiboli ilikuwa Ohio ikicheza fainali za kitaifa za Daraja la Tatu, na iliendelea kushindana hadi ilipotolewa siku mbili baadaye, ikiwakilisha chuo ambacho hakikuwepo tena. Mwanafunzi anayechagua chuo anahitaji kuangalia afya ya kifedha ya taasisi nzima, kwa kuwa mafanikio ya timu hayaoneshi hali ya vitabu vya hesabu.

Vipo pia vyuo vinavyokwenda upande wa pili. Chuo Kikuu cha St. Thomas cha Minnesota kilitakiwa na umoja wake mwaka 2019 kuondoka kwa sababu kilikuwa kimewazidi wenzake kwa ukubwa na ushindi. Mwaka 2021 kilihamia moja kwa moja kutoka Daraja la Tatu hadi la Kwanza. Kwa wanafunzi wake, mabadiliko hayo yalifungua nafasi za ufadhili wa michezo, lakini timu zililazimika kupitia miaka ya mpito ambayo hazikuruhusiwa kucheza mashindano mengi ya fainali ya NCAA. Hivyo hata kupanda kuna gharama kwa mwanafunzi aliye chuoni wakati huo.

Mwanafunzi kutoka nje anaathirika zaidi

Mwanafunzi raia wa Marekani anayepoteza ufadhili wa michezo anaweza kuomba msaada au mkopo wa serikali ya shirikisho. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1 hana haki ya kupata msaada huo. Aidha, viza hiyo inabana sana kazi nje ya chuo, na kazi ndani ya chuo haipaswi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati masomo yakiendelea. Malipo mapya ya wanamichezo nayo ni eneo la kuingia kwa tahadhari, kwani kipato kinachohesabika kuwa ni kazi isiyoruhusiwa kinaweza kuhatarisha viza.

Kabla ya kupata viza, mwanafunzi hupewa na chuo fomu ya I-20, inayoonesha gharama za mwaka na vyanzo vya fedha za kuzilipa. Ufadhili wa michezo ukiondoka, chanzo kilichoandikwa katika fomu hiyo nacho kimeondoka. Mwanafunzi anapaswa kuonana mapema na ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni ili taarifa zirekebishwe. Iwapo ataamua kwenda chuo kingine, uhamisho wa kumbukumbu zake za uhamiaji hufanywa kupitia ofisa huyo huyo, na unapaswa kukamilika kwa utaratibu bila kuacha pengo katika masomo.

Ipo habari njema pia. Tangu mwaka 2024, kanuni za NCAA zinamruhusu mwanamichezo wa Daraja la Kwanza mwenye sifa za kitaaluma kuhamia chuo kingine na kucheza mara moja, bila kukaa nje msimu mzima. Vilevile, kuhama daraja hakuathiri ithibati ya chuo wala thamani ya shahada. Kwa Watanzania, utambuzi wa tuzo zilizotolewa na vyuo vya nje unafanywa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na unahusu masomo na taasisi, si daraja la timu.

Mambo ya kuhakiki kabla ya kusaini

Kocha anapomwandikia kijana akimwalika chuoni, barua hiyo ni mwanzo wa mazungumzo. Kinachokifunga chuo ni makubaliano ya msaada wa fedha yaliyoandikwa na kutiwa saini na mamlaka husika. Mzazi au mlezi anashauriwa kupata majibu ya maandishi kwa maswali yafuatayo:

1. Fedha zinazoahidiwa ni ufadhili wa michezo, wa kitaaluma, au wa kuzingatia kipato cha familia? Aina ya kwanza ndiyo inayotoweka chuo kinapohamia Daraja la Tatu.

2. Makubaliano ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote ya shahada, na masharti ya kuyahuisha ni yapi?

3. Je, chuo kimetangaza au kinatathmini kuhama daraja au kubadili umoja wa vyuo? Iwapo ndiyo, walio na ufadhili watalindwa hadi lini?

4. Ufadhili wa michezo ukifutwa, je, sera ya chuo inawaruhusu wanafunzi wa kigeni kupata msaada mwingine kutoka mfuko wa chuo chenyewe? Baadhi ya vyuo vya Daraja la Tatu vyenye akiba kubwa, kama Amherst, huwasaidia wanafunzi wa kigeni kulingana na mahitaji yao. Vingine vingi havina uwezo huo.

5. Baada ya kutoa msaada wote, familia itabaki kulipa kiasi gani kwa mwaka, ikijumuisha bima ya afya, nauli na gharama za likizo ambapo mabweni hufungwa?

6. Je, chuo kina ithibati inayotambulika, na hali yake ya kifedha ikoje?

Jibu la swali la kwanza lina uzito kuliko mengine. Kijana mwenye matokeo mazuri ya kidato cha sita anaweza kupata ufadhili wa kitaaluma ambao hautetereki chuo kinapohama daraja, kocha anapofukuzwa kazi, au goti linapoumia. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya mwanamichezo anayelenga vyuo vya nje yanapaswa kuanzia darasani sambamba na uwanjani.

Vyuo vya Marekani vina haki ya kupanga bajeti zao, na vingi vidogo vitaendelea kutafakari hatua iliyochukuliwa na Hartford na Saint Francis. Familia iliyohakiki mapema mkataba wake na chanzo cha kila dola iliyoahidiwa itakuwa na nafasi ya kupanga hatua inayofuata tangazo la namna hiyo litakapotolewa, wakati kijana wake bado yupo darasani na viza yake bado ni halali.